Mhuri wa Gome

Usibonyeze kwa hasira, Mihayo.
Hapa si masijala, wala wewe si marehemu baba yangu
aliyegonga mihuri miaka thelathini na mmoja
pale idara ya ardhi, paa! paa!
hadi meza ikaota bonde.
Laza kiganja. Uache uzito ushuke wenyewe,
kama unamfunika shuka mtoto
aliyekusumbua hadi usiku wa manane.

Sasa inua.
Umeona? Katikati wino haukushika.
Usipajaze.
Hapo palipokosa ndipo penye gome.

Mpira huu niliukata kwenye kandambili
niliyoiokota nyuma ya stesheni, mguu wa kushoto,
kisigino kimelika upande mmoja;
mwenyewe alitembea akiegemea, sijui mzigo gani.
Nilitaka kuchonga jani la tumbaku.
Wembe ukateleza, mshipa mkuu ukapinda,
nikauacha upinde.
Kwani majani ya Urambo yalinyooshwa na rula?

Chukua nta. Si mshumaa wa dukani,
nta yenyewe, ya Sikonge,
bado ina mguu wa nyuki ndani.
Sugua karatasi pale unapotaka wino ugome.
Nta haina kelele, inakataa tu.
Pitisha buluu juu yake uone
inavyokimbia, inavyojikusanya matone matone
kama maji kwenye jani la gimbi.

Halafu chumvi ya Uvinza, ile ya mawemawe.
Nyunyiza wino ungali mbichi, kisha ondoka.
Ondoka kweli! Usisimame kuichungulia.
Nenda kateke maji, kapige soga na Nyanzobe.
Ukirudi kila punje imekunywa duara lake
na karatasi imeota vipele.

Juzi alikuja mtu, viatu vinang'aa kuliko uso,
akaketi hapo ulipo.
"Mama Kalunde, mkono wako unasifiwa hadi Nzega."
Akatandika noti mezani kama anagawa karata.
Alitaka mhuri mmoja tu, wa duara,
maneno yazunguke ukingoni, ngao katikati.
Nikampa huu wa gome la mninga.
Akaugeuza. Akaunusa.
Akauliza, huu unaidhinisha nini?
Hauidhinishi kitu, nikasema. Unakwaruza.
Akaziokota noti zake moja moja,
na ya mwisho akaikung'uta chumvi.

Baba alituachia droo nzima:
IMEPOKELEWA. NAKALA. IMEKATALIWA.
Na mmoja wa tarehe, umekwama
kumi na nne, mwezi hausomeki.
Watu walitoka Ulyankulu kwa baiskeli
kuja kuisikia ile paa! moja,
nami mtoto, chini ya meza, nikihesabu miguu yenye vumbi,
nikijua kwa jinsi vidole vilivyojikunja
ni neno gani limeangukia karatasi.

Sikuitupa.
IMEKATALIWA niliugeuza kichwa chini,
nikaupiga mara arobaini kwa rangi ya majani ya chai,
pigo juu ya pigo, nikiusogeza unywele kwa unywele
mpaka herufi zikamezana,
zikawa mbuga iliyopasuka mwezi wa kumi.
Kadi ile ameinunua bwana harusi wa Kanyenye.
Hakuuliza imeandikwa nini.
Alipitisha kidole gumba, akanyamaza,
akapitisha tena.

Lo, tazama yako.
Sisimizi amekatiza kwenye wino kabla haujakauka,
ameacha nukta zake hadi ukingoni
na huko akashuka, ana safari zake.
Weka chini hicho kitambaa! Nani kakwambia ufute?
Vuta droo. Nipe ule uliokwama.
Upige hapo pembeni, chini ya nyayo zake.

Polepole.